Gego na Bahari Kuu

4 Machi

Kwa mwanangu, kitinda mimba wangu,

Hujambo? Mkwe wangu naye hajambo? Na huyo mjukuu ninayemjua kwa picha tu, bado anakataa viatu? Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto linalalamika kila nikipanda ngazi za karakana. Silisikilizi, nalo linazidi. Mama Mdogo wako anakusalimu. Amekaa hapa mbele yangu, anakunywa chai yangu na kuniambia nimechanganyikiwa.

Sababu ya kuniambia hivyo ni kwamba nimeona mashua.

Unajua mwezi uliopita nilikabidhi cherehani kubwa na meza ya kukatia, nikastaafu. Miaka thelathini na moja nimeshona matanga ya watu. Wanakuja, wananipa vipimo, wanachukua, wanakwenda zao, mimi nabaki na vipande vya kitambaa sakafuni. Kuendesha najua, maana kila tanga kubwa nililoshona nilitoka nalo kulijaribu kwenye upepo. Lakini nilikuwa najaribu safari za wengine. Sasa nataka yangu.

Mashua ni ya daktari wa meno. Ina urefu wa mita kumi na moja na nusu, umri wa miaka kumi na mitatu, nyeupe, nyuma pana kuliko mbele. Mama Mdogo alipoiona tu akasema, “Hili ni gego.” Basi jina likashika.

Nataka kuja kwako na Gego. Nikate bahari moja kwa moja, siku kumi na tisa au ishirini, nishuke gatini kwako nimshike mjukuu wangu. Usianze habari za ndege. Ndege ipo na naweza kuipanda kesho. Sikuulizi nifikeje. Nakuuliza kitu ambacho ndiyo kazi yako ya kukagua vyombo, watu wanakuita kutoka mbali ukawaambie: hii ni mashua ya pwani, au ni ya bahari kuu?

Nijibu upesi, daktari ana wateja wengine, au anajidai anao.

Akupendaye,
Mama

15 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mtoto ana mafua kidogo na viatu bado amekataa. Pole kwa goti.

Mama, hapana. Mashua za namna hiyo nazijua. Mkuku, ule uzito wa chini ya mashua, umefungwa kwa bolti, usukani unaning'inia peke yake, tumbo bapa. Hazifai kabisa. Ikipigwa na bahari ya kweli itafunguka. Tafadhali mwachie daktari gego lake.

Njoo kwa ndege. Chumba kiko tayari.

Mwanao,
Kitinda

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mafua ya mtoto yameisha? Mpake mafuta ya moto kifuani, asipolia ujue hayajafika.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikampa Mama Mdogo akaisoma kwa sauti, naye hata yeye asiyetaka safari hii akasema, “Mbona fupi hivi?”

Hukuniuliza kina cha mkuku. Hukuuliza kama mashua iliwahi kupanda mwamba. Hukuuliza maji inabeba lita ngapi, wala nani atakuwa nami. Mkaguzi gani anahukumu chombo ambacho hajakiona hata kwa picha? Nilipokusomesha kazi hiyo, uliniandikia kwamba mwalimu wenu aliwafukuza darasani wanafunzi wawili kwa kosa hilohilo. Ulicheka sana.

Barua hii imeandikwa na mwanangu, na mwanangu nampenda. Lakini sikumwandikia yeye. Naomba jibu la mkaguzi. Akisema hapana baada ya kupima, nitamwamkia.

Mama

9 Aprili

Mama,

Shikamoo tena, safari hii kwa adabu zaidi. Mafua yameisha. Alilia, kwa hiyo mafuta yalifika.

Umenishika. Niliandika barua ile nikiwa nimesimama jikoni, mtoto mgongoni, kwa hofu tupu. Ngoja nikwambie kwa nini. Mwaka juzi niliitwa kukagua mashua iliyovutwa na meli hadi hapa bandarini. Usukani wake ulikatika katikati ya bahari, siku ya nane. Ndani walikuwamo mume na mke, umri kama wako. Walikuwa wazima. Lakini yule mama nilipomwomba anionyeshe mlango wa chini, hakuweza kunyanyua mkono. Siku kumi na moja alikuwa amejishikilia tu. Ulipotaja bahari kuu, nilimwona yeye kwa sura yako.

Haikuwa haki kwako wala kwa Gego. Nisamehe.

Sasa mkaguzi anaongea. Mwombe daktari aipandishe mashua nchi kavu kwa siku moja. Chukua nyundo ya plastiki, gonga tumbo lote taratibu. Mahali pazima huita kwa sauti kavu, mahali pabovu husema “bwu” kama tikiti lililooza. Fungua sakafu, angalia bolti za mkuku na gundi inayozizunguka: kuna kutu, kuna nyufa? Shika usukani kwa mikono miwili uutikise. Pima matangi ya maji. Pima madirisha yaliyo ubavuni.

Halafu fanya mambo haya mashua ikiwa majini. Mfunge mtu macho, atembee kutoka mlangoni hadi mbele, na kila hatua awe na kitu cha kushika. Lala kwenye kitanda kikubwa cha nyuma, watu waitikise mashua. Simama jikoni, jifanye sakafu imeinama, pika kwa mkono mmoja. Na utoke nayo siku yenye upepo, si siku ya picha.

Andika unachokiona, si unachokipenda.

Kitinda wako

2 Mei

Kwa Mkaguzi Mkuu, pamoja na mwanangu kama yuko karibu,

Hamjambo nyote? Sisi tuna afya na michubuko. Nakuletea ripoti.

Nchi kavu: nimegonga Gego kuanzia saa mbili asubuhi hadi mkono ukafa ganzi. Lote linaita kama mlango mkavu. Bolti safi, gundi nzima, hakuna ufa. Daktari aliapa halijawahi kugusa mwamba, nami kwa nilivyoona namwamini. Usukani hauchezi hata unywele, ila kweli unaning'inia peke yake kama jino lililobaki kinywani kwa babu. Mkuku una kina cha mita moja na nusu. Maji lita mia mbili, kwa watu wawili: mimi na mwenzangu nitakayempata. Madirisha ya ubavuni marefu kama mkono wangu. Samaki akitaka atakupungia.

Majini: Mama Mdogo amekubali kufungwa macho kwa sharti kwamba nisicheke. Kutoka mlangoni hadi mbele ni hatua nane. Vitu vya kushika ni viwili, na kimoja ni pazia. Hatua ya tatu alikumbatia mguu wa meza. Nilivunja sharti.

Kitanda: niliwaomba mafundi wanne wa gatini waitikise mashua kwa kamba. Ni kitanda cha kifalme, unaweza kulala kwa upana. Hapo ndipo shida ilipo. Mama Mdogo alibingirika kulia, akabingirika kushoto, mara ya tatu akatua sakafuni na mto wake. Alipanda juu akawaambia wale mafundi kwamba yeye ni nesi mstaafu, amepiga sindano watu wengi, na sura zao ameshazikariri.

Jikoni: jiko liko ukutani, limenyooka, nyuma yako ni uwanja wa mpira. Sina pa kuegemeza makalio. Sufuria ilikwenda peke yake.

Siku ya upepo: ah, mwanangu! Tulitoka mimi, Mama Mdogo na daktari. Kwenye maji tulivu inakimbia, inageuka papo kwa papo kama mbuzi. Nilikuwa nacheka peke yangu. Tulipotoka nje ya kinga ya bandari na kukabili mawimbi, ikaanza kupiga tumbo, pa! pa!, vikombe vikaimba kabatini. Baada ya muda wa saa tatu meno yaliniuma, nikamwuliza daktari kama ndivyo anavyopata wagonjwa.

Kuna jambo moja la kunitetea. Daktari ana cheti cha kiwanda, amekitia fremu. Kimeandikwa wazi: daraja la bahari kuu. Unasemaje hapo?

Nimeandika ninachokiona. Ninachokipenda unakijua.

Mama

14 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimemsomea baba mtoto ripoti yako, akacheka hadi akatoka nje. Anasema Mama Mdogo aletwe hapa haraka, kwa njia yoyote.

Kwanza, hiyo ni ripoti bora kuliko nyingi ninazoletewa na watu wenye mihuri.

Cheti hakidanganyi, lakini kinajibu swali jingine. Kinasema mashua hii ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu ya kuhimili mawimbi makubwa na uzito wa kuinuka ikilazwa. Hakisemi utalala wapi usiku wa kumi na moja. Hakisemi utapika vipi, utashika nini, wala kama lita mia mbili zitawatosha watu wawili siku ishirini na kitu, na upepo ukigoma. Nilijifunza kwa yule mama asiyeweza kunyanyua mkono: mashua mara nyingi inafika. Anayeisha kwanza ni mtu.

Gego ni mashua nzuri. Barua yangu ya kwanza ililitukana bure na nalifuta tusi. Tumbo zima, mkuku mzima. Kina kile kifupi ni neema, mtaingia bandari ndogo ambako wengine hawathubutu. Upana ule wa nyuma ni raha mkifunga gatini, mnaalika watu kumi. Lakini limejengwa kwa watu wanaosafiri mchana na kulala bandarini. Unaweza kuongeza vyuma vya kushika, mbao za kuzuia mtu kitandani, tangi la pili. Huwezi kubadili umbo la tumbo, na usukani ule ukigonga gogo siku ya tisa, hakuna kilichoukinga wala fundi wa kumwita.

Kwa hiyo, kwa jina la kazi yangu: ni mashua ya pwani. Si ya kukata bahari na watu wawili.

Nimepima kama ulivyotaka, safari hii nikiwa nimekaa mezani. Ila baada ya kusaini nilikaa ndani ya gari nje ya ofisi yangu, nikalia kama mtoto. Sijakuona miaka minne.

Kitinda wako

30 Juni

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Najua kimya changu cha wiki sita kimekutia hofu. Mama Mdogo alitaka kukupigia simu akueleze, nikamkataza. Jambo hili tulilianza kwa kalamu.

Siku tatu za kwanza nilinuna. Nilisema ningemwamkia mkaguzi, na nilimwamkia, lakini kwa meno yaliyofungwa. Nikaenda gatini kumwambia daktari basi. Nilimkuta anaosha sitaha. Nikasema, “Daktari, mwanangu anasema ni mashua ya pwani.” Akasema, “Kwani kuna mtu alikwambia si ya pwani? Mimi miaka kumi na mitatu naendesha pwani.”

Nilirudi karakana. Yule niliyemwachia kazi alikuwa ametoka, meza ya kukatia iko tupu. Nikatandaza ramani, kubwa ile ya ukutani, nikaweka pasi kila kona isijikunje. Nikaweka kidole kwetu. Nikaweka kingine kwako. Mwanangu, kati ya vidole vyangu viwili kuna maji mengi, ni kweli. Lakini ukiacha maji ukafuata ukingo, ukazunguka, ukapinda, ukaingia na kutoka, nchi kavu ni moja! Unakaa mwisho wa pwani yangu. Pwani ni ndefu kama maneno ya shemeji yako, lakini ni pwani.

Nimehesabu bandari ishirini na tatu, orodha iko nyuma ya barua hii. Kila safari ni ya mchana, isipokuwa moja: ile ghuba kubwa baada ya rasi, maili mia na tisini, mchana na usiku na mchana tena. Kuizunguka haiwezekani, ufukwe wote ni mchanga na mawimbi.

Gego nimelinunua. Vyuma vya kushika nimetia kumi na vinne, tumehesabu tukiwa tumefunga macho sote wawili. Vitanda vya katikati nimevishonea nguo za kumzuia mtu asidondoke, kushona ndiyo kazi yangu. Jikoni nimetia mkanda mpana, naegemea kama malkia. Mama Mdogo anakuja. Anasema haji kwa sababu anataka, anakuja kwa sababu lazima awepo mtu mwenye akili.

Tunaondoka wiki ijayo. Kuhusu ghuba sijaamua. Niambie mkaguzi anasemaje. Na mwanangu pia, safari hii nawauliza wote wawili. Andika kwa ofisi ya bandari ya tano, wamekubali kunitunzia barua.

Mama

11 Julai

Mama! Mama! Mama!

Shikamoo mara tatu. Nimesoma barua yako gatini, nikapiga kelele, walinzi wakadhani nimetumbukia.

Nimekaa kazini miaka saba na ramani ileile iko nyuma ya kiti changu. Niliulizwa kama mashua inafaa kwa njia fulani, nikajibu habari za mashua tu, njia sikuigusa. Umenifundisha kazi.

Mkaguzi anasema: ghuba mnaweza, kwa masharti. Hali ya hewa tulivu ya siku tatu kamili iwe imetabiriwa, si mbili. Upepo uwe nyuma au ubavuni. Ukiwa mbele mbaki bandarini, hata wiki mbili, hata mwezi. Na watu wawili hawatoshi kwa zamu za usiku. Wanatakiwa watatu.

Mwanao anasema: wa tatu ni mimi. Nimeomba likizo, wamenipa. Baba mtoto atabaki na mtoto, amesema hata bila kuulizwa. Nitakuja kwa basi hadi bandari ya rasi nikusubiri. Siji kukukagua. Nakuja kushika zamu.

Kitinda wako

19 Agosti

Mwanangu,

Hamjambo? Naandika kwenye bandari ya kumi na mbili, kalamu ni ya mkuu wa bandari, nayo haina subira.

Ya kusimulia ni mengi. Jana tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, tukafika mdomo wa bandari, nikaona mstari mweupe wa mawimbi mbele. Gego lingepita. Nilitazama kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha nikageuza tukarudi. Mvuvi mmoja gatini akasema, “Mama mmeogopa?” Mama Mdogo akamjibu, “Hapana, tumekumbuka hatuna haraka.” Nilitaka uwe wa kwanza kujua kwamba tuligeuza, maana wengine nitawaambia tu tulikofika.

Mama Mdogo aliacha kutapika bandari ya sita. Bandari ya tisa alishika usukani. Sasa hashuki. Ameanza kunipa amri kwenye mashua yangu mwenyewe, na kila tukifunga kamba anatafuta mtu mwenye kidonda amtibu.

Nimeungua pua. Nimepungua kiuno. Tanga kubwa nililishona mwenyewe mwezi wa Juni, nilipokwisha kumnunia mkaguzi, na linajaa bila kunjo hata moja. Leo mchana nililitazama saa nzima badala ya kutazama njia, mpaka mdogo wangu akanipigia kelele.

Nisubiri kwenye rasi.

Mama

6 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Najua ni kichekesho kukuandikia wakati uko chumba cha pili, nakusikia ukimfundisha mjukuu wako kufunga fundo kwenye mguu wa baba yake. Mama Mdogo anacheka kuliko wote. Lakini kuna jambo nimejaribu kulisema mara tatu tangu tufike, na kila nikifungua kinywa mtoto anakukalia mapajani, nami nakosa moyo wa kuwakatiza.

Ni kuhusu ghuba. Unakumbuka nilivyopanda Gego pale rasi, nikasema siji kukagua, na dakika kumi baadaye nilikuwa nimelala chini ya sakafu na tochi. Tuliposubiri upepo siku tano, kila asubuhi nilitafuta sababu ya kukwambia turudi. Sikuipata. Tulipotoka nilikuwa bado naitafuta. Zamu yangu ya kwanza sikukaa hata kidogo. Nilisikiliza usukani kama daktari anavyosikiliza kifua.

Mchana wa pili ukaniambia nikalale. Nikasema sijachoka. Ukasema, “Sikukuuliza kama umechoka, nimekwambia kalale.” Nikashuka, nikaingia kwenye kile kitanda chako chenye nguo ya kuzuia. Niliwaza nitafumba macho tu. Nilisikia maji ubavuni, nikakusikia juu unaongea na tanga lako, unaliambia “vizuri, vizuri,” kama ulivyokuwa ukiniambia nikijifunza kuandika. Mama, nililala kwa muda wa saa tano nzima. Nilipoamka nchi ilikuwa inaonekana, na nyie wawili mlikuwa mnabishana kama ule ni mlima au wingu.

Tangu nianze kazi hii sijawahi kulala kwenye mashua inayotembea, hata mara moja. Huwa nakaa macho nikisubiri kitu kikatike. Nilitaka ujue kwamba kwako nililala.

Kaeni hadi upepo wa kurudi utulie. Kaeni na zaidi ya hapo.

Mwanao

(Nyuma ya karatasi ileile, kwa penseli)

Nimesoma, na Mama Mdogo amesoma juu ya bega langu, sasa hivi anajifanya vumbi limemwingia jichoni. Tutakaa. Huyu mtoto amemfunga baba yake kwenye kiti na hakuna anayeweza kufungua, fundo nimemfundisha vizuri mno. Acha kalamu, uje utusaidie. Kati yetu sasa kuna ukuta mmoja tu.

Mama